Fuso linakaa nyuma likipakia viazi: niongeze majani mawili ya springi?

*Shikamoo fundi. Nina Fuso la ekseli mbili, napakia viazi Njombe kupeleka Dar. Likijaa linakaa nyuma mpaka tairi la kushoto linagusa bodi tukipita kwenye tuta. Fundi wa hapa amenishauri niongeze majani mawili ya springi kila upande, na majani ameshanipatia kwenye skrepu. Nina jeki ya chupa ya tani 20, spana za kutosha na uwanja mkubwa nyumbani. Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe na utingo wangu? Na majani mawili yatatosha?*

Marahaba, mwanangu.

Kazi yenyewe sehemu kubwa unaiweza. Ipo hatua moja tu ambayo nitakuomba uipeleke kwa fundi springi, nikifika hapo nitakueleza sababu. Lakini hayo majani mawili huenda huyahitaji kabisa, na yale ya skrepu yaweke pembeni kwanza.

Katika swali lako lote, neno lililonishika ni moja: "la kushoto". Gari lililozidiwa mzigo hukaa pande zote mbili. Likikaa upande mmoja, basi upande huo una lake jambo, na ukiongeza majani kulia na kushoto utakuwa umetibu mguu mzima pamoja na mbovu, dozi ileile. Kwetu huku upande wa kushoto ndio huchoka haraka, kwa sababu tunaendesha kushoto na barabara imeinuka katikati na kushuka pembeni ili maji yatoke. Gari linatembea maisha yake yote limeegemea kushoto kidogo, na mashimo ya ukingoni nayo yanaliwa na tairi hilohilo.

Kwa hiyo kabla ya spana, chukua futi. Egesha gari likiwa tupu mahali pa tambarare, pima kutoka katikati ya habu ya nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa chini wa chasisi, kushoto na kulia. Andika. Siku ukipakia, kabla hujaondoka shambani, pima tena palepale. Utakuwa na namba nne. Kama tupu pande zote ziko sawa, na zenye mzigo zimeshuka sawa, springi zako ni nzima na tatizo ni uzito. Kama kushoto kumepishana na kulia kwa sentimita mbili au zaidi gari likiwa tupu, springi ya kushoto imelala au ina jani lililovunjika. Kama tupu ziko sawa lakini zenye mzigo zinapishana, angalia kwanza utingo anavyopanga magunia.

Ukishapima, ingia chini ya gari na brashi ya waya na tochi. Osha springi kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma. Jani lililovunjika mara nyingi halidondoki. Linabaki limebanwa na wenzake, ufa umejaa tope, na gari linaendelea na safari likiwa na majani kumi machoni lakini tisa kazini. Kuna njia ya zamani ya kuutafuta ufa usioonekana: pakaa mafuta ya taa, yafute yakauke kabisa, kisha nyunyiza vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe.

Ukikuta jani limevunjika, usikimbilie kulitupa. Angalia limevunjikia wapi, maana chuma husema. Likivunjika katikati, palepale penye tundu la senta bolti, ile bolti inayopita katikati ya majani yote, kosa si la mzigo, yubolti zililegea, yaani zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli. Nitaeleza. Likivunjika pembeni kidogo, pale yubolti zinapoishia kushika, hapo ndipo springi inapopinda zaidi, na uvunjifu wa hapo ni wa mzigo mkubwa au uchovu wa miaka. Likivunjika karibu na jicho, yaani lile tundu la mwisho wa jani kuu linalopita pini, tazama bushi na pini. Mara nyingi zimeliwa, na jani kuu linapigwa kama nyundo kila tuta. Angalia pia klipu, zile pete za chuma zinazokumbatia majani. Klipu ikikatika, gari likiruka jani kuu linabaki peke yake kubeba uzito wa ekseli inayoning'inia.

Sasa hilo la senta bolti, kwa sababu madereva wengi wanalielewa kinyume. Senta bolti haishiki ekseli. Ni kidole tu, kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kiti cha ekseli ili springi ikae mahali pake wakati wa kufunga. Kinachoshika ekseli isitembee ni mbano wa yubolti. Yubolti zikilegea, majani yanaanza kusuguana, kile kidole kinabebeshwa nguvu ya kusukuma gari na ya breki, na siku moja kinakatika. Mwenye gari anakuja kwangu anasema, "Fundi, nimenunua senta bolti mbovu." Sikatai, zipo mbovu, lakini namuuliza ya kwanza: yubolti ulizikaza lini? Nyingi hazijaguswa tangu gari lishuke bandarini.

Dalili ya senta bolti iliyokatika ni gari kutembea mbavu, kama kaa. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, kushoto na kulia, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Zikipishana sana, ekseli imesogea, na hilo ndilo la kushughulikia leo kabla ya mengine yote.

Tuje kwenye mzigo, na hapa usinikasirikie. Viazi vya Njombe navijua vinavyofungwa. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 likishonewa ile kofia ya lumbesa haliwi tena la kilo 100. Chukua magunia 80. Yakiwa ya kilo 100, umebeba tani 8. Yakiwa ya kilo 135, umebeba tani 10 na kilo 800. Tofauti ni karibu tani 3, na hizo hazikuandikwa popote ila kwenye mgongo wa springi. Mnunuzi anafurahi, mkulima analia, na wewe unatafuta majani ya skrepu.

Bahati nzuri huhitaji kukisia. Unapopita mizani ya Wenda au Vigwaza, uzito unasomwa ekseli kwa ekseli. Soma ile karatasi, usiikunje tu mfukoni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Kisha nenda kwenye kibao cha mtengenezaji, usome uzito ambao ekseli ya nyuma ya gari lako ilitengenezewa. Kisha soma ubavu wa tairi. Tairi lenye namba 146/143, ile 143 ina maana ya kilo 2725 kwa kila tairi likiwa pacha, kwa hiyo manne hubeba kilo 10,900 na si zaidi, tena yakiwa na upepo kamili. Katika hizo namba tatu, iliyo ndogo ndiyo yako. Springi haimo. Ukiweka springi ya tani 20 juu ya ekseli, breki na tairi za tani 10, gari lako litabaki la tani 10, ila halitakuonyesha tena kwamba limezidiwa. Gari linalokaa nyuma linakuambia ukweli. Ukilinyanyua bila kupunguza mzigo umeliziba mdomo, nalo litasema kwa njia nyingine, kwa mfano breki kuchemka ukishuka mteremko wa Kitonga.

Kama karatasi ya mizani inaonyesha uko ndani ya uzito na bado linakaa, tunaendelea.

Watu hudhani ukiongeza jani moja umeongeza nguvu nyingi. Hebu tupige hesabu. Springi ya majani 10, kila jani upana wa milimita 70 na unene 12, urefu wa jicho hadi jicho mita 1.3, inashuka takriban milimita 1 kwa kila kilo 31 unazoiwekea. Ipe tani 3, itashuka kama milimita 97. Ongeza jani la kumi na moja lenye unene uleule: ugumu unapanda kwa asilimia 10 tu, na kwa mzigo uleule itashuka milimita 88. Umeokoa milimita 9. Majani mawili, umeokoa kama 16. Ule mwinuko unaouona baada ya kuongeza majani hautokani sana na nguvu. Unatokana na unene wenyewe wa majani, kwa sababu springi yako imekaa juu ya ekseli na kila jani la milimita 12 linainua chasisi milimita 12. Umeweka ngazi, hukuweka misuli.

Hapo ndipo wengine wanapopata wazo la jani nene. Ugumu wa jani unakwenda kwa unene mara tatu, yaani unene uzidishwe kwa wenyewe na kwa wenyewe tena. Jani la milimita 14 ni gumu kuliko la 12 kwa karibu asilimia 60. Linavutia, sivyo? Ila majani yote katika springi moja hupinda pamoja, kipimo kilekile, na jani nene likipindwa sawa na jembamba ngozi yake inavutwa zaidi. Ukichomeka jani la 14 katikati ya ndugu zake wa 12, hilo ndilo litakalovunjika la kwanza. Nimeyatoa mengi ya namna hiyo, bado mapya. Mwenye gari anaapa kwamba aliuziwa chuma kibovu, kumbe chuma kilikuwa kizuri, tatizo lilikuwa kampani aliyowekewa.

Na hayo majani ya skrepu hujui yalitoka gari gani, yalibeba nini, yamechoka kiasi gani. Mkunjo wake pia ni wa springi nyingine. Katika springi iliyofungwa vizuri, kila jani la chini limekunjwa kidogo zaidi ya lililo juu yake, ili yakibanwa yashikane mwili mzima. Ukiingiza jani lililonyooka, linaelea. Utaona mwanga kati yake na mwenzake, na kazi halifanyi mpaka gari limeshakaa. Mpe mhunzi akutengenezee panga na majembe. Chuma cha springi kwa kazi hiyo hakina mfano.

Sasa ningekushauri nini? Kwa gari lenye dalili zako, ningeanza na springi ya kushoto. Ikiwa imelala au ina jani lililovunjika, badilisha, na ubadilishe ya kulia pia, kwa sababu springi mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili ni kuhamisha kilema. Kama fedha haitoshi seti mbili kamili, badilisha majani yaliyovunjika kwa mapya ya kipimo kilekile na uyakunje upya yaliyolala. Kukunja upya kwa nyundo bila moto kunarudisha kimo, sikatai, na mafundi wetu wana mikono mizuri. Lakini ugumu haubadiliki na uchovu haufutiki, kwa hiyo usitarajie miaka. Jambo moja nakukataza kabisa: mtu asikuletee gesi. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani, kikachovywa, kikapashwa tena kwa kipimo. Ukikipasha moto mtaani ili kipinde kirahisi unakigeuza kuwa chuma cha dirisha. Kuchomelea na kutoboa jani ni hivyohivyo.

Halafu tazama helpa. Magari mengi ya kiasi hiki yana springi ndogo juu ya ile kubwa, ambayo ncha zake hazigusi kitu gari likiwa tupu. Mzigo ukiingia, chasisi inashuka, viti vyake vinakutana na ncha hizo, na helpa inaanza kubeba. Hii ndiyo akili ya kiwanda: tupu gari ni laini, zito linakuwa gumu. Viti hivyo huliwa. Nimeona vilivyochimbika kiasi cha kidole, maana yake helpa inachelewa kufika kazini kwa kiasi hichohicho. Kubadilisha viti, au kufunga helpa nzima kama iliondolewa na mwenye gari wa kwanza, kunaleta nafuu kubwa kuliko majani mawili, na gari likirudi tupu kutoka Dar halirukiruki. Msiudharau huo mruko. Springi ngumu kwenye gari tupu huinua tairi za nyuma juu ya lami kila bonde, na tairi iliyo hewani haifungi breki. Barabara ikiwa na maji hapo ndipo mkia unapokupita.

Kama baada ya yote hayo bado unataka jani la ziada, weka moja, si mawili, la unene na upana uleule, jipya, lililokatwa urefu unaoingia katika ngazi ya wenzake, pande zote mbili. Hapo sina ugomvi.

Kazi yenyewe sasa. Gari liwe tupu, sakafu iwe ya zege au kifusi kilichoshindiliwa. Funga kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi, na usiiamini hendibreki. Hendibreki ya magari haya hushika magurudumu ya nyuma, ama kwa kupitia propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ama kwenye ekseli yenyewe. Ile ya propela ni hatari zaidi: ukiinua upande mmoja, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaruhusu tairi la hewani kuzunguka, na gari linaondoka wakati hendibreki imevutwa kikamilifu. Kabari ndiyo breki yako siku hiyo.

Legeza nati za tairi kabla hujainua. Kama ni magurudumu ya Kijapani yenye nati mbili kila stadi, ya nje kubwa na ya ndani yenye kichwa cha mraba, kumbuka upande wa kushoto uzi wake umegeuzwa. Kijana mwenye nguvu asiyejua hilo huikata stadi akidhani nati ina kutu. Yubolti zipakie dizeli usiku uliotangulia, ingawa mimi sihangaiki nazo. Nazikata kwa grainda, maana hazirudi. Jihadhari cheche na mabomba ya upepo, ya mafuta na tangi.

Jeki yako ya tani 20 inatosha kuinua. Haitoshi kushikilia. Jeki ya chupa imesimama juu ya raba moja ndogo ya ndani, na ikipasuka haikuagi. Tafuta stendi mbili za chuma za tani 6 au zaidi kila moja, uziweke chini ya chasisi, mbele ya mkono wa mbele unaoshika springi kwenye chasisi. Usitumie matofali, usitumie rimu zilizopangwa, wala lile gogo ambalo kila gereji inalo. Chasisi ikishakaa juu ya stendi, rudisha jeki chini ya ekseli, karibu na springi unayoitoa, na uishushe taratibu mpaka springi ilegee. Tangu hapo jeki inabeba ekseli, stendi zinabeba gari.

Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja. Huu ndio ushauri wenye thamani kuliko mingine kwa mtu wa nyumbani. Upande wa pili ukiwa bado umefungwa, ekseli haiwezi kutembea, difu haipinduki, na ukichanganyikiwa kitu kinakaa wapi una mfano mzima upande wa pili.

Toa shokomzoba kama lipo, toa yubolti, shusha ekseli kidogo. Pini za springi zina bolti ndogo inayozishika; toa hiyo kwanza, ndipo ugonge pini kwa kipande cha shaba ili usitawanye kichwa chake. Springi ya kipimo nilichokuhesabia ina uzito wa kilo 60 hivi bila helpa, jani kuu peke yake karibu kilo 9. Ishusheni watu wawili au kwa mnyororo, vidole visiwe kati yake na ekseli.

Hapa ndipo ile hatua niliyokuahidi. Kuifungua springi, yaani kutoa senta bolti na kuachanisha majani, mpelekee fundi springi. Majani yale yamekunjwa tofauti na kubanwa pamoja kwa nguvu. Ndani ya springi iliyolala chini kimya kuna mtego. Ukifungua nati bila kuibana pande zote mbili za bolti kwa klampu nzito au mashine, nyuzi za mwisho zinapokwisha majani yanaruka. Anayo pia mashine ya kusukuma bushi, ambazo ukizipiga nyundo nyumbani utazipasua. Gharama yake si kubwa, na mgongo wako utashukuru pia.

Springi ikirudi, safisha kiti cha ekseli mpaka kiwe chuma kitupu. Punje ya mchanga au kipande cha kutu hapo husagika wiki ya kwanza, na mbano wote unapotea. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimeingia kwenye tundu lake. Ingiza kidole uhisi, usitegemee macho. Nunua yubolti mpya na nati zake mpya. Yubolti hushika kwa kuvutika kidogo kama mpira, na iliyokwisha kuvutika mara moja haivutiki vilevile tena. Ukiwa umeongeza jani la milimita 12, miguu yake iwe mirefu kwa milimita 12 pia, na baada ya kukaza nyuzi chache zionekane zimetokeza juu ya nati.

Kaza kwa msalaba, kidogokidogo, mzunguko kwa mzunguko, ukiangalia nyuzi zinatokeza sawa kwenye miguu yote. Kisha shusha gari lisimame juu ya magurudumu yake, ndipo ukazie kipimo cha mwisho, springi ikiwa na uzito juu yake. Kipimo kipate kwenye kitabu cha gari lako, kwa unene wa yubolti ulizonazo. Spana ya kupimia ya nusu inchi inayouzwa mitaani nyingi huishia kama nyutoni-mita 210. Kwa yubolti za lori hiyo haifiki. Azima ya robo tatu inchi. Wapo wanaokaza kwa bomba refu na vijana wawili, na nilikuwa mmoja wao miaka mingi. Kinachotokea ni kwamba mguu mmoja umepita kipimo na wa pili haujafika, na utaligundua hilo Mikumi usiku.

Kabla hujaondoka: vuta mabomba ya breki uone hayajakazika kwa sababu gari limeinuka. Pima tena habu ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili. Paka grisi pini mpaka itokeze. Kama gari lako lina vali ya breki yenye mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli, vali hiyo husoma mzigo kwa kimo cha springi. Ukiinua gari, itadhani hujapakia na kupunguza breki za nyuma, lazima irekebishwe. Ukisikia mtetemo mpya kwenye mwendo wa kati, propela imebadilika pembe kwa sababu chasisi imepanda, na hapo urudi kwa fundi.

Safari ya kwanza usipakie mpaka kofia. Ukifika Iringa simama, shika nati za yubolti kwa mkono, angalia kama kuna vumbi jekundu la chuma linalotoka kati ya majani au kwenye kiti. Vumbi hilo ni alama ya kitu kinachosugua. Ukishushia Dar, zikaze tena kwa kipimo kilekile kabla ya kugeuza, kisha tena zikifika kilomita 1000 hivi. Zitakubali robo mzunguko, wakati mwingine zaidi, kwa sababu rangi na kutu vilivyokuwa kati ya majani vimesagika.

Zile namba nne za futi, na ile karatasi ya Wenda, niandikie kabla hujanunua chochote. Kama kushoto kumelala peke yake, nitakuambia uulizie springi gani na kwa urefu upi.